Mtogwa wa Asubuhi

Twilumba mwanangu,

Jumamosi, kama saa tisa mchana, ulikuwa kwa shangazi yako Makambako ukifunga mizigo, ukaona kwenye simu yako kwamba mama anaandika. Ukasubiri. Niliandika, nikaacha, nikaandika tena, nikaacha, na ujumbe haukufika. Jioni ukanipigia: "Mama, ulitaka kuniambia nini?" Nikakujibu kwamba nilikosea jina, nilikuwa namwandikia mwanafunzi wangu. Ukacheka, ukasema uzee umeanza kubisha hodi. Nami nikacheka. Ulikuwa uongo, mwanangu.

Ukweli ni huu: baba yako amekunywa. Baada ya mwaka mmoja na miezi miwili ya kutogusa, Jumamosi ile, majirani walipokuja kwenye mgowe wetu wa kuvuna viazi, alikunywa mpaka akashindwa kufungua komeo la mlango wake mwenyewe. Na aliyeleta ulanzi shambani ni mimi.

Nimelitanguliza hilo ili usilitafute katikati ya maneno mengine. Leo ni Jumanne. Mchana huu unarudi hapa Yakobi kutoka Kitandililo, ulikokwenda jana kumuaga bibi yako, na kesho alfajiri una basi la kwenda kuanza kazi Tabora. Barua hii nitakupa mkononi ukishakula. Jana nilikuwa nimeshatafuta bahasha nikaandika juu yake "isomwe ukishapita Dodoma". Nikaitazama, nikaichana. Niliona ni ujanja wangu wa siku zote, wa kukupa habari wakati huna tena nafasi ya kuamua. Ni afadhali usome hapa ndani, na mlango wa chumba chako ukiwa wazi.

Utauliza kwa nini nisikuambie tu kwa mdomo, na mimi ni mtu ninayelipwa kuzungumza. Kila Jumamosi nakaa kwenye kile chumba cha pembeni, nyuma yangu rafu ya vitabu uliyonipangia wewe ili nionekane msomi, nawafundisha kwa mtandao watu arobaini waliotawanyika nchi nzima unasihi na namna ya kumsaidia mraibu apone. Wapo wauguzi, wachungaji, askari magereza, walimu. Namna ya kumpa mtu habari nzito ni somo zima, lina sehemu nne na zoezi. Lakini najua kitakachotokea nikikaa mbele yako. Nitasema nusu, utaona macho yangu yanalowa, utanishika mkono na kuanza kunituliza. Hapo nitakuwa nimeshakupa kazi tena. Kwenye karatasi huwezi kunituliza.

Habari za shuka, chandarua na mtungi wa gesi nazipita. Shangazi yako amezisema zote, nyingine mara tatu, na Tabora hutalihitaji lile sweta zito hata akililia.

Nirudi kwenye mgowe. Viazi vya shamba la chini vilikuwa vimekaa ardhini kupita muda wake, mvua hazikatiki, vibarua hawapatikani. Nikaamua tuite majirani kama bibi yako alivyokuwa akifanya: watu ishirini, asubuhi moja, kazi imekwisha, kisha wanakula na kunywa. Nilipanga chai, maandazi na makande. Alhamisi Mama Ezekia akapita kuuliza saa ya kufika.

"Kamwene, Mama Twilumba. Na kinywaji je?"

"Chai ipo. Na soda."

"Mwe! Mgowe wa soda? Watu wanakuja kuvuna viazi au wanakuja kwenye kipaimara?"

"Si unaijua hali ya nyumba yangu, Mama Ezekia."

"Naijua. Wala sijasema ulete mkangafu mkali ukileweshe kijiji kizima. Leta mtogwa, wa asubuhi. Mtogwa hata mtoto wa chekechea anapewa."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema hapana. Mimi nimezaliwa Kitandililo, nimekua karibu na mianzi ya ulanzi, nimelelewa kwa mtogwa. Najua ule uliogemwa alfajiri ni mtamu, hauna neno. Najua pia kwamba hauhitaji mtu wa kuuchachusha. Uweke kwenye dumu ambalo jana lilikuwa na mkangafu, uache juani, kufikia mchana umeshakuwa pombe wenyewe, na ulimi wa mtu aliyechoka hautambui mpaka umeshuka. Nilijua yote hayo na nikaagiza madumu matatu. Niliona aibu. Sikutaka isemwe kwamba mwalimu wa chuo kikuu ameita watu wamvunie viazi akawapa chai ya rangi.

Asubuhi baba yako aliyakuta madumu yakishushwa kwenye bodaboda. Alikuwa na jembe begani.

"Mama Twilumba, huu wa nini?"

"Ni mtogwa tu, Baba Twilumba. Wa watu."

Aliyatazama madumu, akanitazama mimi, akaenda zake shambani. Angegomba ningemjibu. Hakugomba, nikajiambia ameridhika.

Saa saba niliacha watu shambani nikarudi nyumbani kujiandaa kwa darasa. Ugawaji nilimwachia Mama Ezekia. Sasa wewe unaijua desturi yetu: kwenye mgowe hakuna anayegusa kikombe mpaka mwenye shamba aonje kwanza mbele ya watu, wote waone kinywaji ni salama na mwenyeji hana kinyongo na mtu. Hilo halikunijia akilini hata mara moja. Nilikuwa nawaza kama bando litafika mwisho wa kipindi. Mzee Lutengano, bila ubaya wowote, akachota, akampelekea baba yako kikombe kwa mikono miwili. Watu ishirini wamesimama na matope miguuni, wanasubiri. Baba yako ananiambia alitazama njiani mara mbili tatu kuona kama narudi. Ningekuwepo ningeonja mimi. Sikuwepo, akaonja.

Na mimi wakati huo nimevaa kitenge changu cha darasani, nafundisha kuhusu familia ambayo mraibu wake amerudia kunywa. Usidhani natia chumvi. Ratiba ilipangwa tangu mwanzo wa muhula.

Kwenye kipindi hicho huwa nasimulia habari za mtoto mmoja. Namwita Rehema, na kijiji chake nakihamishia mkoa mwingine. Ana miaka tisa. Jioni mama yake humtuma kilabuni kumwita baba, kwa kuwa baba anamsikia yeye tu. Anajifunza kumtambua baba yake kwa kikohozi kabla hajafika kwenye uzio, na kwa kikohozi hicho anajua kama leo watakula kwa amani. Wanafunzi huandika sana nikifika hapo, na wengine hunitumia barua pepe kusema wamelia. Ni wewe, Twilumba. Mihula mitano sasa nawasimulia habari zako na sikuwahi kukuomba ruhusa. Hata hili nataka ulijue kutoka kwangu. Ukiniambia nizifute kwenye vipindi vilivyorekodiwa, nitazifuta wiki hii hii na chuo nitawaeleza mwenyewe.

Jumamosi, nilipomaliza, mwanafunzi mmoja akawasha maiki. Ni mama muuguzi wa Lindi, mtu mzima, anaongea taratibu.

"Samahani, mwalimu. Huyo Rehema sasa yuko wapi?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikasema, "Amekua. Amesoma, ana kazi yake. Anaendelea vizuri."

"Alhamdulillahi. Na bado anamtafuta baba yake?"

Sikuwahi kujibu. Mlango wa mbele ulianza kutikiswa, komeo linagonga, na baba yako anaimba ile sauti yake ya nne ya kwaya, yote, kwa nguvu zake zote. Akaingia mpaka kwenye mlango wa chumba nyuma yangu. Nilimwona kwenye skrini kabla sijageuka: matope mpaka magotini, anatabasamu kwa upole ule unaoujua.

"Wanafunzi wako hao? Nisalimie."

Yule mama wa Lindi akasema, "Mwalimu, zima kamera yako, mama. Sisi tutasubiri."

Nikazima. Nilichofanya baada ya hapo ndicho kilichonifanya niandike barua hii. Sikumshika mume wangu, sikumpa kiti, sikumwambia neno. Nilichukua simu, nikatafuta jina lako, nikaandika "Baba yako". Sikuwa nimefikiri. Nikafuta. Nikaandika "Njoo". Nikafuta. Nikaandika "Twilumba mwanangu, unaweza", na hapo nikasikia swali la yule mama kama ndiyo kwanza linaulizwa.

Kwa sababu ungekuja. Ungepanda gari la kwanza linalotoka Makambako, jua lisingezama hujafika. Ungemvua viatu, ungemnywesha maji, ungeosha sakafu. Na Jumatano ungesema Tabora ni mbali na mshahara wenyewe haueleweki. Ndivyo ulivyosema kuhusu Tanga, miaka miwili iliyopita. Hospitali ilikuita, barua ilikuwa mezani wiki nzima, kisha ukaniambia umefikiri na umeona maabara yao ni ndogo. Nilikutazama machoni nikajua unabaki kwa ajili yake. Nikasema, "Kama ndivyo ulivyoamua, mwanangu." Ndani yangu nilishukuru, mimi mnasihi, nikashukuru kwamba sitabaki naye peke yangu. Nimekaa na shukrani hiyo miaka miwili na inaniuma.

Darasani nilirudi baada ya dakika kumi. Nikawaambia, "Yule ni mume wangu. Amekunywa leo, na pombe nimeileta mimi." Askari magereza wa Mwanza akasema, "Pole sana, mwalimu." Mwingine akaandika chini ya skrini, "Mganga hajigangi", kisha akafuta haraka, lakini nilishasoma. Sikumkasirikia. Tukamaliza kipindi, tena nadhani nilifundisha vizuri kuliko siku zote, maana sikuwa na karatasi.

Nataka nikuambie kwa nini ulikuwa unatumwa wewe. Umewahi kuniuliza mara moja tu, ukiwa kidato cha pili, nikakujibu kwamba baba yako anakupenda na hapendi kukuona unasikitika. Lilikuwa jibu zuri, la kumpa mtoto alale. Sababu yenyewe ni kwamba niliona haya. Nilikuwa mnasihi wa kliniki, watu wa mji mzima walikuwa wanakuja kwangu na mambo yao ya nyumbani. Mke akimfuata mume kilabuni, watu wanasema ameshindwa. Mtoto akimfuata baba yake, wanasema ana upendo. Kwa hiyo nilituma mtoto.

Unaikumbuka Igwachanya? Mimi siisahau. Ulikuwa darasa la sita. Baba yako alikwenda kupeleka milango kwa mteja, fedha ikaishia kwenye vilabu vya sokoni, akashindwa kurudi. Mtu akanipigia. Nilikuwa na semina siku ile, semina ya malezi, mwanangu, usicheke. Nikakutoa shuleni, nikakupandisha Hiace na sare yako, nikamwambia kondakta akushushe sokoni. Ulimpata amelala kwenye benchi la stendi. Hukuweza kumwinua. Ukakaa pembeni yake na begi la shule magotini tangu saa saba mpaka jioni, kila anayepita anakuuliza wewe ni wa nani, unamjibu, "Wa huyu." Mama mmoja muuza mahindi akakupa hindi moja. Mliporudi nilikukumbatia nikakuambia, "Wewe ni jembe langu." Jumapili nikasimulia kanisani kwenye kikundi chetu cha wanawake, wakakuita mbele, wakakuombea, wakasema Mungu amenipa mtoto mwenye moyo. Nilikuwa nimejaa fahari. Wewe ulisimama pale ukitazama viatu vyako.

Kukutuma kulikuwa kosa, lakini kukusifu kulikuwa kosa kubwa zaidi. Ningekutuma nikanyamaza, huenda siku moja ungekataa. Baada ya kusifiwa vile mbele ya watu, ungekataaje?

Sasa sikiliza jambo moja ambalo silitoi kwenye vitabu. Tabora hutamkuta baba yako, lakini utawakuta watu. Kwenye nyumba ya kupanga, kazini, kanisani, atakuwepo mmoja anayezama, na wewe utamjua kabla ya wengine, kama ulivyokuwa unajua kikohozi. Atakuvuta. Utaona ndiye mtu wa kweli peke yake mahali pale, na wale walio sawa utaona hawana ladha. Ninasema hivi kwa sababu nakufahamu. Yule kijana wa idara ya maji ulimwacha kwa nini? Nilikuuliza ukaniambia, "Mama, yule hana shida yoyote." Nilicheka siku mbili. Kisha nikaacha kucheka, nikaenda chumbani nikakaa kitandani. Binti yangu alikuwa amekutana na mtu asiyehitaji kuokolewa akakosa la kufanya naye.

Sikuambii uwe na moyo mgumu. Ukiwa na moyo mgumu utakuwa umeharibu kitu kizuri kuliko vyote nilivyochangia kukuumba. Ila nimeona kwa macho yangu kwamba mtu unaweza kumhurumia kwelikweli na bado ukaenda kulala zako, ukaamka, ukaenda kazini. Nimejifunza hilo nikiwa na umri wa miaka hamsini na moja, kwa hiyo sitegemei ulijue kesho kutwa.

Nikueleze na habari za Jumapili, maana nisingependa umwone baba yako kwa kikombe kimoja. Hakwenda kanisani. Nilimkuta kwenye karakana yake, amekaa juu ya mbao, hajawasha mashine. Harufu bado ilikuwepo. Nikakaa upande wa pili.

"Umemwambia?" akaniuliza.

"Bado."

"Utamwambia?"

"Hata sijui. Akijua hatakwenda."

Alichokonoa gundi kwenye kidole. Kisha akasema, "Mwambie. Mkinificha naona kama nimeshakufa, mnangoja tu kuzika." Baadaye akaongeza, "Na mwambie nimesema aende. Lakini mimi siwezi kumwambia mwenyewe. Nikimwambia aende atasikia namwomba abaki."

Nikamwomba msamaha kwa ajili ya madumu. Akasema, "Ulileta. Lakini mkono ni wangu." Sikutegemea. Miaka yote ile ya nyuma kosa lilikuwa la mama yake, la mteja, la mvua. Nililia pale karakanani, akaniacha nilie bila kunyanyuka, na nilishukuru kwa hilo.

Jana alipanda gari mwenyewe kwenda Makambako kwa Oska, yule mwenzake aliyekuwa naye soba, kwenye ile nyumba ya kuachia pombe, ambaye sasa anaendesha kikundi chao cha Jumatatu. Huenda mlipishana barabarani. Hakunipa taarifa mpaka alipofika. Amerudi jioni, akala, akalala. Leo ni siku yake ya tatu. Ya nne siijui, wala yeye haijui, na ukiniuliza nitakuambia hivyohivyo. Nikikupigia simu huko Tabora sitakuambia "mzima" kama si mzima. Na hutakuwa mtu wa kwanza kupigiwa. Nimeongea na Oska, na Mama Ezekia pia, ambaye tangu Jumamosi anapita hapa kila siku na uso wa kufiwa kwa sababu ya lile wazo lake. Nimemwambia mtogwa ulikuwa wazo lake, kuagiza kulikuwa kwangu.

Sasa umeshajua. Una haki ya kubaki, wewe ni mtu mzima, sitakufukuza nyumbani kwako. Ukibaki nitakupikia na nitafurahi, hilo ndilo linalonitisha, kwamba nitafurahi. Kwa hiyo usinitazame usoni leo jioni kutafuta la kufanya. Uso wangu utakuambia baki. Niamini kwenye karatasi hii: nataka uende. Nataka uwe na chumba chenye ufunguo wako, ugomvi wako na mwenye nyumba, Jumapili yako ya kulala mpaka saa nne bila kusikiliza nje. Nataka ukae jioni moja usikie mtu anakohoa barabarani na usijue ni nani.

Nisamehe kwa kilabu, kwa Igwachanya, kwa Tanga. Sikuombi unisamehe leo. Nimefundisha watu wengi kwamba msamaha haudaiwi kwa kuwa mtu ana safari kesho.

Basi linaondoka saa kumi na moja na nusu. Baba yako amesema atakusindikiza mpaka stendi na atalibeba lile begi kubwa. Naamini anataka. Ila wewe na mimi tunajua kwamba kwake kutaka na kufika ni vitu viwili. Ukiamka ukamkuta sebuleni amevaa koti lake, mpe begi, mwende pamoja, mzungumze ya kwenu. Ukiamka ukakuta hayupo, usimwite, usigonge kwa majirani, usipite kule kilabuni hata kama ni njiani. Zamu hii nitakwenda mimi, mchana kweupe, na watu waseme wanavyotaka. Wewe panda basi.

Mama yako